Sanamu zinazojongea: kazi ya sanaa ni chuma au ni mwendo?

Mbele ya sanamu ya kawaida, mgeni wa makumbusho anajua la kufanya. Anaizunguka, anasoma kibao cha pembeni, anapiga picha, anasogea kwenye nyingine. Utaratibu huo unamtupa mkono anapokutana na sanamu inayojongea. Umbo aliloliona alipoingia chumbani silo analoliona sasa, na picha aliyopiga imenasa nukta moja tu kati ya nyingi. Au inakuwa kinyume chake: kibao kinasema hii ni sanamu ya mwendo, lakini chuma kimetulia tuli, kimezungushiwa kamba, na mlinzi yuko macho asije mtu akagusa.

Wengi huondoka hapo wakidhani kuna kitu hawakukielewa, na mimi nasema kosa si lao. Sanamu hizi zinabeba swali ambalo wasanii wenyewe hawakulijibu kwa namna moja: kazi ya sanaa hapa ni ipi, kile chuma au ule mwendo wake? Ukilishika swali hilo, mengi yanayochanganya yanafunguka. Nitalifuata hasa kupitia jumba moja, Museum of Modern Art la New York, ambalo watu wamezoea kuliita MoMA, kwa sababu ndani yake yapo majibu matatu yasiyopatana. Nitatoka humo pale tu panapolazimu.

Gurudumu na fimbo

Mwaka 1913, akiwa Paris, msanii Mfaransa Marcel Duchamp alichukua gurudumu la mbele la baiskeli pamoja na uma wake, akaupindua uma juu chini na kuukita kwenye stuli ya jikoni. Hakuwa na nia ya kulipeleka kwenye maonyesho. Baadaye alieleza kwamba alipenda tu kulizungusha na kulitazama, jinsi mtu anavyofurahia kutazama ndimi za moto mekoni. Alipohamia Marekani mwaka 1915 gurudumu hilo lilibaki nyuma na kupotea. Akatengeneza la pili New York, nalo likapotea. Lililoko MoMA leo ni la tatu, la mwaka 1951.

Angalia maana yake. Chuma cha kwanza hakipo, na Duchamp hakukihuzunikia. Kilichokuwa kinamfurahisha kilikuwa ule mzunguko. Hata hivyo mgeni wa MoMA haruhusiwi kulizungusha gurudumu. Linasimama juu ya stuli yake na spoki zake zimetulia. Makumbusho yametoa jibu lao bila kulitamka: kinachotunzwa ni kitu. Naelewa sababu, kwa kuwa mikono ya wageni wa mwaka mmoja tu ingetosha kuumaliza mhimili wake. Lakini ni haki mgeni aambiwe kwamba anachokitazama ni kazi iliyosimamishwa.

Duchamp hakuachia hapo. Mwaka 1925 alitengeneza nusu-tufe yenye duara nyeusi na nyeupe, ikizungushwa na mota. Ikizunguka, jicho linadanganyika: duara zinaonekana kuzama ndani na kutokeza nje, wakati hakuna kinachozama wala kutokeza. Kazi hiyo nayo iko MoMA. Mwendo hapa haupambi umbo, unaliumba machoni pa mtazamaji.

Jambo hilo hilo lilikuwa limeshafanywa kwa ukali zaidi mjini Moscow. Katika majira ya baridi ya 1919 kuingia 1920, Urusi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na vifaa vikiwa adimu, msanii Mrusi Naum Gabo alisimamisha fimbo nyembamba ya chuma juu ya kisanduku, kimo chake kikifika kama sentimita 60, akaitikisa kwa mtambo wa kengele ya umeme. Fimbo ikitikisika kwa kasi inayofaa, jicho haliioni tena. Linaona umbo lenye tumbo na kiuno, linalopitisha mwanga, limesimama hewani. Sababu yake si muujiza. Mtikisiko unapanda kwenye fimbo na kurudi, na mawimbi yanayopanda yanakutana na yanayorudi. Kuna sehemu ambazo mawimbi hayo yanasaidiana, hapo fimbo inapepea sana na kufanya tumbo. Kuna sehemu ambazo yanafutana, hapo fimbo inabaki karibu pale pale na kufanya kiuno. Umbo zima ni wimbi lililosimama.

Zima umeme, na sanamu haipo. Imebaki fimbo, ambayo hata fundi asiyejua habari za sanaa angeipita bila kugeuka. Sijui kazi nyingine inayolijibu swali letu kwa uwazi kiasi hiki. Gabo mwenyewe hakujivuna: alisema ile ilikuwa zaidi maelezo ya wazo kuliko sanamu kamili, na aliona mota za wakati wake zilikuwa nzito mno kwa alichokitaka. Lakini Agosti 1920, yeye na kaka yake Antoine Pevsner walibandika tamko kwenye kuta za Moscow, wakisema kwamba kwa maelfu ya miaka, tangu Misri ya kale, sanaa imeshikilia utulivu kana kwamba ndio uhai wake pekee, na kwamba wao wanaleta midundo ya mwendo, kwa kuwa wakati nao ni sehemu ya maisha halisi. Hapo ndipo mtu anaona kwa nini wanausasa, yaani wasanii waliotaka sanaa iendane na maisha mapya, walilitaka jambo hili. Treni, sinema, ndege na umeme vilikuwa vimebadilisha maisha ya kila siku, nao hawakuona sababu ya sanamu kubaki nyuma. Fimbo utakayoiona kwenye makumbusho ya Tate, London, ni nakala ya mwaka 1985.

Calder na hesabu ya mizani

Tukirudi MoMA, jibu la pili linaning'inia. Alexander Calder alizaliwa Pennsylvania mwaka 1898. Baba yake na babu yake walikuwa wachongaji, lakini yeye alisomea uhandisi wa mitambo katika Stevens Institute of Technology na kuhitimu mwaka 1919. Usomi huo unaonekana katika kila waya aliokunja.

Oktoba 1930, akiwa Paris, alitembelea karakana ya mchoraji Piet Mondrian. Ukutani palibandikwa karatasi ngumu za mstatili, zenye rangi, ambazo Mondrian alizipanga na kuzipangua akijaribu mitungo ya picha zake. Calder akapendekeza kwamba ingependeza mistatili ile ikijongea. Mondrian akakataa, akasema hakuna haja, michoro yake ilikuwa tayari ina kasi kubwa. Calder alitoka pale amebadilika, na ndani ya muda mfupi alianza kutengeneza vitu vinavyojongea. Vya kwanza viliendeshwa kwa mota ndogo au kwa kuzungusha mpini, na Duchamp ndiye aliyezipa kazi hizo jina la mobili mwaka 1931. Kisha Calder akaanza kuziacha mota. Mota hurudia: baada ya dakika chache mtazamaji ameona yote. Pia huharibika. Akaugeukia upepo, na mobili ikawa sanamu ya mabamba yanayoning'inia kwenye mikono ya waya na kusukumwa na hewa.

Hapa inafaa tusimame, kwa kuwa watu wengi hutazama mobili bila kujua kinachoizuia isianguke upande mmoja. Ni kanuni ya wenzo, ile ile ya mizani ya sokoni yenye mkono mrefu na jiwe dogo la kusogeza: uzito ukizidishwa kwa umbali kutoka kwenye egemeo, yaani pale mkono unapotundikwa, lazima ulingane pande zote mbili. Tengeneza moja kwa kichwa, ukiuacha uzito wa waya kando. Anza chini. Chukua waya wa sentimita 30, upande huu weka bamba la gramu 30, upande ule la gramu 60. Egemeo litakaa sentimita 20 kutoka kwa bamba jepesi na sentimita 10 kutoka kwa zito, kwa maana 30 mara 20 ni 600, na 60 mara 10 ni 600. Sasa kundi hilo zima lina gramu 90. Litundike kwenye ncha ya waya wa pili wa sentimita 45, na ncha nyingine weka bamba la gramu 45: egemeo litakuwa sentimita 15 kutoka kwa kundi na 30 kutoka kwa bamba. Kundi sasa lina gramu 135. Litundike kwenye waya wa tatu wa sentimita 50, ukiweka egemeo sentimita 5 tu kutoka kwake. Ncha ya pili, iliyo mbali kwa sentimita 45, inahitaji bamba la gramu ngapi? Kumi na tano. Kipande kidogo kuliko vyote, peke yake, kinalinganisha mzigo wenye uzito mara tisa yake.

Ndiyo maana Calder aliianza mobili kutoka ncha za mwisho akapanda kwenda juu: kila ngazi lazima ijue uzito wa yote yaliyo chini yake. Na ndiyo maana katika kazi zake nyingi utaona upande mmoja mkusanyiko wa mabamba, upande wa pili kipande kimoja kimejitenga mbali. Mtu anaweza kudhani ni mapambo. Ni hesabu iliyopendeza.

Kuna jambo la pili, dogo lakini la msingi. Calder aliukunja waya kuwa kitanzi pale pa egemeo, na mara nyingi mikono yake inainama, hivyo ncha zinakaa chini kuliko kitanzi. Uzito ukikaa chini ya pointi ya kuning'inizia, mkono ukiinamishwa hurudi wenyewe. Ukikaa juu yake, mkono ungepinduka. Kitanzi hicho pia kinauacha kila mkono uzunguke kivyake, kwa msuguano mdogo. Kila mkono una urefu wake, uzito wake na mabamba yake ya kukamata hewa, hivyo kila mmoja una mwendo wake. Ukiwa na mikono mitano au sita ya namna hiyo, mpangilio ulioupata sekunde hii hutarajii kuuona tena leo. Hapa Calder analijibu swali kwa namna ya katikati: chuma ni chake, mwendo ameuwekea mipaka, lakini hakuuamua.

MoMA walimwagiza kazi ya kuning'inia juu ya ngazi za jengo lao jipya lililofunguliwa mwaka 1939. Akawapa ile ambayo kwa Kiswahili tungeiita Dema la Kambakochi na Mkia wa Samaki. Kimo chake ni kama mita 2.6, upana kama mita 2.9, waya wa chuma na mabamba ya alumini yaliyopakwa rangi. Juu kuna kipande chekundu kirefu, ndiye kambakochi. Upande mmoja kuna kizimba cha waya mtupu, ndilo dema. Upande wa pili yanashuka mabamba meusi yaliyopangana, ndio mkia. Tazama jinsi dema lilivyo tupu. Lina ujazo mkubwa lakini uzito mdogo, wakati mabamba meusi yana uzito na hayana ujazo. Macho yanasema upande huu ni mkubwa, mizani inasema ziko sawa. Na kuiweka kwenye ngazi ulikuwa uamuzi mzuri sana, kwa sababu mtazamaji naye anajongea: anapanda akiiona kwa chini, kisha usawa wa macho, kisha kwa juu.

Tatizo la ukubwa

Kama ni hesabu tu, mbona mtu asiikuze mobili mpaka ijae ukumbi? Jibu liko Washington, kwenye Jengo la Mashariki la National Gallery of Art lililobuniwa na I. M. Pei. Calder alichora mobili kwa ajili ya ukumbi wake mkubwa. Ikitengenezwa kwa chuma, ingekuwa nzito mno hewa ya ndani isiweze kuisukuma. Ukiongeza kila kipimo cha bamba mara mbili, urefu, upana na unene, eneo linalokamata hewa linaongezeka mara nne, lakini uzito unaongezeka mara nane. Kila unapokuza, hewa inazidi kushindwa.

Kazi ya kulitatua alipewa Paul Matisse, msanii na fundi, mjukuu wa mchoraji Henri Matisse. Badala ya mabamba mazima alitumia ngozi mbili nyembamba za alumini zilizobana kati yake utando wa vyumba vyumba vya alumini, teknolojia iliyotoka kwenye ndege. Ilipokamilika ilikuwa na upana wa zaidi ya mita 23 na uzito wa kilo 417 hivi, na inajongea kwa hewa ya ukumbini peke yake, polepole, kwa utulivu wa kitu kizito kisicho na haraka. Calder alifariki Novemba 1976. Ilitundikwa mwaka uliofuata. Hakuiona ikizunguka.

Mashine iliyojiua

Jibu la tatu la MoMA ni mabaki. Jioni ya tarehe 17 Machi 1960, katika bustani ya sanamu ya jumba hilo, Mswisi Jean Tinguely aliwasha mashine kubwa aliyoiunganisha kwa magurudumu ya baiskeli, beseni la kuogea, piano, mota na takataka za chuma, yote yakiwa yamepakwa rangi nyeupe. Billy Klüver, mhandisi wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, alimsaidia. Mashine ilitengenezwa ijiharibu yenyewe mbele ya wageni waalikwa. Ilipiga piano, ikatoa moshi, ikavunjika vipande, na haikufuata mpango wote, kwa kuwa baadhi ya sehemu ziligoma na nyingine zikafanya yasiyotarajiwa. Moto ulipoanza kutisha, zimamoto waliingilia kati. Yote yalidumu dakika 27.

Kwa Tinguely, basi, mwendo ulikuwa kila kitu, hata kama unakula chuma chote. Na bado jumba la makumbusho, kwa tabia yake ya asili, liliokota kipande na kukiweka kwenye mkusanyiko wake. Kipande hicho kipo hadi leo. Sioni vibaya kukihifadhi, mradi tu mgeni asidhani ameiona kazi. Ameona alama ya kwamba ilikuwepo.

Wazo lilikuwa limeshaenea kabla ya hapo. Mwaka 1955, galari ya Denise René mjini Paris ilifanya maonyesho yaliyowakutanisha Calder na Duchamp, wakongwe, na kizazi kipya: Tinguely, Jesús Rafael Soto wa Venezuela, Pol Bury wa Ubelgiji, Yaacov Agam na wengine. Soto aliuhamisha mwendo kutoka kwenye chuma kwenda kwa mtazamaji: mistari yake haijongei, wewe ndiwe unayejongea mbele yake, nayo inameremeta na kutikisika machoni. Bury alifanya kinyume cha kelele za Tinguely, vipande vya mbao au vifimbo vinavyosogea taratibu mno hata hujui kama kweli umekiona kimoja kikisogea.

Kwa nini ulikikuta kimetulia

Mhifadhi wa makumbusho ana mzigo usiopunguzika. Mashine ya 1930 ikiwashwa kila siku inalika: mikanda inakatika, meno ya gia yanaisha, balbu za aina ile hazitengenezwi tena. Isipowashwa, mafuta yanaganda, mota inakwama, na kazi inageuka kuwa maiti nzuri. Akibadilisha kipuri, na baadaye kingine, itafika siku ataulizwa ni kiasi gani bado ni kazi ya msanii. Tate Modern ilipoonyesha kazi za Calder mwaka 2015, zile za mota za miaka ya 1930 zilisimama bila kuwashwa kwa kuwa ni dhaifu mno. Watazamaji wengine walikasirika. Mimi ningekubali nakala inayofanya kazi iwekwe pembeni ya kazi halisi inayopumzika, kibao kikisema wazi ipi ni ipi. Kwa sanamu ya mwendo, nakala inayozunguka inasema kweli zaidi kuliko asili iliyokufa ganzi.

Museum Tinguely, iliyofunguliwa Basel mwaka 1996, wamepata njia ya kati. Mgeni anabonyeza kitufe, mashine inafanya kazi kwa muda, kisha inapumzishwa na kitufe hakiitikii mpaka muda wake ufike. Kusubiri kunakuwa sehemu ya ziara, na watoto hulielewa jambo hili haraka kuliko wazazi wao.

Ukienda kwenye makumbusho yenye kazi za namna hii, soma kibao kabla ya kuihukumu. Kama kinataja mota na hakuna kinachozunguka, muulize mhudumu. Mara nyingi kuna saa maalumu za kuwasha. Kama kinataja miaka miwili, wa kubuniwa na wa kutengenezwa, ujue unatazama nakala. Mbele ya mobili usipulize wala usiguse, kaa. Dakika mbili za kwanza hazitoshi. Kiangalie kitanzi kimoja mpaka uone mkono gani unaanza na upi unafuata, kisha geukia ukutani utazame kivuli, maana taa za makumbusho hutupa sanamu ya pili ambayo haina uzito kabisa.

Na pale ambapo kazi haiwashwi, tafuta filamu. Mashine ya mwanga ya László Moholy-Nagy, msanii wa Hungaria, ya mabati yenye matundu, vioo na mota, ilionyeshwa Paris mwaka 1930. Sasa iko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ambako huwashwa kwa muda mfupi tu. Mwaka huo huo wa 1930 yeye mwenyewe aliipiga filamu. Alikuwa na mashine nzima mbele ya kamera, mpya, iking'aa, lakini humo utaiona kwa vipande tu. Sehemu kubwa ya filamu ameijaza vivuli, miale na mwanga unaopenya matunduni.